Mgonjwa wa Akili Nyumbani Mwetu

Dominika ya 13 ya Mwaka B (Mk 5:21-43)



Injili ya leo inatuletea wagonjwa wawili: binti wa Yairo, mwenye umri wa miaka 12, na mama mmoja aliyetokwa na damu kwa muda wa miaka hiyo hiyo 12. Juu ya mama huyo Mwinjili Marko anataja jambo ambalo aghalabu tunalipita upesi. Anasema kwamba alikuwa amehangaika kwa matabibu wengi, akamaliza mali yake yote, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Leo tunaomba tusilipite upesi, maana hiyo ndiyo habari ya nyumba nyingi za Kisarawe, tangu mjini hadi Maneromango, Mzenga na Marumbo. Ni habari ya shamba la mikorosho lililouzwa, na mbuzi waliouzwa, na bati zilizoezuliwa zikauzwa, ili mtu mmoja apone. Na mara nyingi mtu huyo hatokwi na damu wala hana homa. Ni mgonjwa wa akili.

Juu ya mgonjwa huyo yanasemwa mengi katika vigango vyetu, na baadhi yanasemwa kwa jina la Mungu. Inasemwa kwamba mwenye imani thabiti hapatwi na ugonjwa wa akili. Inasemwa kwamba vidonge vya hospitali ndivyo vinavyomfanya mtu kuwa zezeta. Kwamba kwenda kwa mshauri na kumfunulia mambo ya moyoni ni desturi ya Wazungu. Na kwamba aliyejiua asisomewe sala. Hatutayajibu yote kwa urefu ulio sawa. Lile la kwanza na la pili yakiungana huua, kwa hiyo tutakaa hapo zaidi.

Kijana mmoja wa kigango fulani cha upande huu, fundi wa pikipiki, alianza kusikia sauti za watu asiowaona. Akaacha kulala, akaacha kuoga, akamshuku mama yake kwamba anamtilia sumu katika uji. Wazee wa ukoo wakaamua kwamba amerogwa kwa wivu wa wateja wake. Wakaenda kwa mganga wa kwanza, wakaenda kwa wa pili, na ekari mbili za mikorosho zikaondoka. Mwaka ukapita. Ndipo jirani yao mmoja Mwislamu, muuguzi aliyestaafu, akawashauri wampeleke hospitali. Huko alipewa dawa, na baada ya miezi michache akarudi kwenye spana zake, akaja Misa, akawa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kisha akaalikwa kwenye mkesha wa maombi, naye akaambiwa mbele ya watu kwamba anayemeza vidonge hamtumaini Yesu. Usiku ule ule akavitupa chooni, na watu wakapiga makofi. Kabla ya miezi miwili kwisha alikuwa amefungwa kamba kwenye mwembe nyuma ya nyumba, na mama yake akimlisha kwa kijiko.

Wala tusijifariji kwamba mkesha ule ulikuwa wa madhehebu mengine. Maneno hayo yanasemwa hata katika vikundi vyetu vya sala.

Mama huyo alipotujia hakulia. Aliuliza tu: “Baba Padre, sasa nimkataze kusali?”

La hasha, mama. Wala si wewe peke yako mwenye swali hilo. Lakini limeulizwa kana kwamba sala na dawa ni wake wenza, mmoja akiingia mwingine hana budi kutoka. Nani aliyetufundisha hivyo? Si Maandiko. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anamwagiza mgonjwa amwombe Bwana, aiache dhambi, atoe sadaka, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu. Na juu ya dawa anasema kwamba Bwana ndiye aliyeitoa katika ardhi, na mwenye busara hatazidharau. Haya yaliandikwa karibu miaka mia mbili kabla ya Kristo. Bwana wetu mwenyewe alisema kwamba wanaomhitaji tabibu ni wagonjwa, na Mtume Paulo anamtaja Luka kuwa ni tabibu mpendwa. Wapo wanaoishika ile habari ya matabibu wa Injili ya leo kama fimbo ya kuwapigia waganga wa hospitali. Lakini Marko anatueleza mateso ya yule mama tu; hakuandika popote kwamba alikosea kutafuta dawa.

Katekista mmoja hodari atatuuliza: “Padre, mbona Yesu alitoa pepo?” Ni kweli. Katika sura hii hii ya tano, kabla tu ya habari ya Yairo, tunakutana na yule mtu wa makaburini, aliyekuwa akifungwa pingu na minyororo akaivunja, akipiga kelele usiku na mchana na kujikata kwa mawe. Kanisa halikani kwamba Shetani yupo. Hata hivyo, fungueni Injili ya Mathayo, sura ya 4, aya ya 24. Hapo wanatajwa walioletwa kwa Yesu, na wenye pepo wametajwa peke yao, wenye kifafa peke yao, na waliopooza peke yao. Mwinjili aliyeishi zaidi ya miaka 1,900 iliyopita alijua kuwatenganisha; sisi tunawatia wote katika kapu moja. Ndiyo maana Kanisa linatahadhari sana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1172, haimruhusu mtu yeyote kuwapunga waliopagawa bila ruhusa ya pekee ya Askofu, na ibada mpya iliyotolewa Roma mwaka 1999 inamtaka padre mwenye kazi hiyo asiwe mwepesi wa kuamini kwamba mtu ana pepo, maana huenda ni mgonjwa. Basi ikiwa padre aliyeteuliwa na Askofu anaagizwa asiharakishe, sembuse kiongozi wa mkesha mwenye kipaza sauti?

Hapa Uzaramoni wazee wanaifahamu ngoma ya madogoli, iliyochezwa kwa ajili ya mgonjwa aliyesemekana ameingiliwa na pepo. Hatuwezi kumruhusu Mkristo kwenda kuzungumza na pepo na kuwaahidi sadaka. Lakini haki isemwe: katika ngoma ile mgonjwa alikaa katikati, na ndugu na majirani walikesha naye. Hakuachwa peke yake chini ya mwembe. Tulipoikataza ngoma tulifanya vema, ila hatukuuliza ni nani sasa atakayekesha na mgonjwa.

Turudi kwenye vidonge. Anayesema kwamba dawa hizi zinampumbaza mtu hasemi uongo mtupu. Zipo zinazoleta usingizi mzito, kutetemeka mikono, kutokwa udenda, kukakamaa shingo na kunenepa. Mgonjwa akilalamika, asiambiwe kwamba ni mkaidi. Arudishwe kwa daktari apunguziwe kipimo, au abadilishiwe dawa, au apewe nyingine ya kutuliza madhara hayo. Ndiyo kazi ya daktari. Lakini tukumbuke pia yaliyokuwapo kabla ya dawa. Klopromazini, iliyo mama wa dawa hizi, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952. Kabla ya hapo hospitali nyingi za akili ulimwenguni zilitegemea zaidi kufuli na kuta ndefu. Watu wetu hulitumia jina la Mirembe, hospitali iliyoko Dodoma tangu miaka ya 1920, kuwa tusi la barabarani. Wala hawajui ni wangapi wameingia Mirembe wakatoka, na leo wanalima, wanafundisha na kulea watoto.

Tena dawa hizi haziendi mbio kama zile za kichwa kuuma. Dawa za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyokwisha, huchukua wiki mbili hadi nne, na pengine zaidi, kabla ya kuonyesha nguvu yake. Wengi huzitupa katika wiki ya kwanza wakisema hazifai. Mwenye maradhi kama ya kijana wetu akiziacha kwa kuwa amepata nafuu, kwa kawaida ugonjwa hurudi, na kila unaporudi huweza kuacha hasara kubwa zaidi. Na mwenye kifafa akiziacha ghafla aweza kushikwa na degedege isiyokoma hadi akafa. Hili la kifafa tunalisema kwa mkazo, kwa sababu ingawa ni ugonjwa wa ubongo na si kichaa, katika vijiji vyetu mwenye kifafa hutendewa yale yale.

Mfano haupo mbali. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, kifafa kimewasumbua Wapogoro kwa miaka mingi. Watu waliamini kwamba povu la mgonjwa huambukiza, hata aliyeanguka motoni aliogopwa kuguswa, na wengi waliishi na makovu ya moto. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa kwenye misheni yetu ya Kwiro. Wagonjwa walipoanza kumeza dawa kila siku, wengi wao degedege ilipungua au ikakoma kabisa, na waliotengwa wakaanza kuketi tena na wenzao. Kliniki hiyo ilikuwa ndani ya misheni, hatua chache kutoka altareni. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mtu atoke Misa aende kuchukua vidonge.

Sasa tuliseme lile la ushauri. Inadaiwa kwamba kumweleza mgeni yaliyo moyoni ni jambo la Wazungu. Tunashangaa kidogo kuyasikia hayo hapa Pwani, mahali ambapo binti alipovunja ungo aliwekwa ndani akakabidhiwa somo wa kumfunda, naye somo akawa msiri wake hata baada ya kuolewa. Kwa nini mambo mengine alimwambia somo, asimwambie mama mzazi? Kwa sababu somo alifunzwa kazi yake, na siri ilikuwa haitoki. Mshauri wa hospitali naye amefunzwa, naye amefungwa na siri. Tofauti ni kwamba elimu yake inahusu ugonjwa, na wazee wetu, pamoja na hekima yao yote, hawakuisomea.

Wala hili si geni kwetu. Ulipotufikia UKIMWI, wengi walikataa ushauri nasaha kwa maneno haya haya. Mwaka 1992 ilianzishwa PASADA, huduma ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam kwa wenye virusi, na watu wakajifunza pole pole kwamba kuketi na mtu aliyefunzwa kusikiliza kunaweza kumzuia mwingine asijitupe. Na huko Harare, nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi 14 wa mtaa wa Mbare kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye sonona. Washona wana neno lao kwa ugonjwa huo, maana yake ni kuwaza kupita kiasi. Nasi twasema “ana mawazo”. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na wahudumu wa namna hiyo walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopata huduma ya kawaida tu. Sasa mzungu yuko wapi hapo? Ni bibi na kanga yake.

Wengine hutuambia: “Padre, mimi naungama, yatosha.” Kitubio ni Sakramenti ya kuondolewa dhambi, na sonona si dhambi. Mtu akija kuungama kwamba hana furaha, kwamba hawezi kuamka asubuhi, kwamba amemchoka hata mtoto wake mchanga, sisi hatuna dhambi ya kumwondolea hapo. Tutamsikiliza, tutasali naye, kisha tutamwambia aende hospitali. Hasa mama aliyejifungua karibuni, akianza kusema mambo yasiyoeleweka au kumwogopa mwanawe, asingojewe hadi arobaini ipite. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Lakini aibu ndiyo inayowafunga wengi. Basi tuwakumbushe Mtakatifu Louis Martin. Ni baba mzazi wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni, ambaye karibu kila jimbo letu lina kanisa au kikundi chenye jina lake. Mzee huyu alipatwa na maradhi ya ubongo, akawa akipotea nyumbani na kuona vitu visivyokuwapo. Mwezi Februari 1889 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, Ufaransa, akakaa huko zaidi ya miaka mitatu. Majirani nao hawakunyamaza. Wapo waliosema kwamba binti zake ndio waliomtia wazimu kwa kumwacha na kwenda utawani. Alifariki mwaka 1894. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na mkewe Zélie. Atakayesema kwamba mwenye imani hawezi kuugua akili, amweleze kwanza mtakatifu huyu alikosa imani ipi.

Limebaki lililo zito kuliko yote. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na vijana ni wengi kati yao. Msiogope kumwuliza mtu mnayemshuku: “Je, unafikiri kufa?” Inadhaniwa kwamba swali hilo humtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Waliochunguza jambo hili wanasema sivyo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Asiachwe peke yake, dawa za kupulizia mikorosho zifungiwe mbali naye, apelekwe hospitali. Somo la kwanza la leo, kutoka kitabu cha Hekima, limetufundisha kwamba mauti hayakutoka kwa Mungu, wala yeye hafurahii kupotea kwa walio hai. Basi nasi tusikae tukimngojea mtu afe ndipo tumjadili.

Na akifa? Makatekista, hili linawahusu, maana ninyi ndio mnaogongewa mlango usiku padre akiwa mbali. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 1240, iliwanyima mazishi ya Kanisa wale waliojiua kwa kusudi. Wazee wengi wanaikumbuka hiyo. Lakini sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 1184, inapowataja wanaonyimwa mazishi, hao haikuwataja tena. Na Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba kujiua ni kinyume cha amri ya Mungu, ila ugonjwa mkubwa wa akili, uchungu au hofu kuu huweza kupunguza hatia ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, kwa kuwa Mungu ana njia azijuazo yeye mwenyewe. Kwa hiyo msimkatalie mjane au mama aliyefiwa huku mkitaja sheria iliyokwisha ondolewa. Mpigieni simu paroko wenu, nendeni msibani, na rozari isaliwe.

Yule kijana wa mwembe alifunguliwa. Sasa anachomwa sindano kila mwezi, na nauli ya bodaboda hadi hospitali inachangwa na jumuiya yake ndogo ndogo, kwa zamu, kaya baada ya kaya. Kuna miezi anayokuwa mzima kabisa, kuna miezi asiyokuwa. Anasali. Mama yake hakumkataza.

Mwisho wa Injili, binti wa Yairo alipokwisha simama, na watu wote wakiwa wameshikwa na mshangao, Yesu aliagiza apewe chakula. Aliyemfufua kwa neno lake hakuona haya kumkumbusha mama jikoni. Tunawaomba basi, leo katika Sala ya Waamini, mnapowataja wagonjwa wa kisukari, wa presha na wa miguu, mtaje na wagonjwa wa akili wa kigango chenu, kwa majina ikiwa wao wenyewe na jamaa zao wameridhia. Na baada ya Misa, mmoja wenu apite nyumbani kwao, aulize kama tarehe ya kwenda kliniki imekaribia, na kama nauli ipo.